SOMO LA ROBO HII: MTOTO "ASIYETULIA" NA MUUGUZI WA ZAHANATI



Katika masomo yaliyopita tumezungumzia maji, malaria, lishe na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo halina kisima cha kuzindua wala jengo la kupiga picha. Linahusu watu ambao sote tunawafahamu, ila tumezoea kuwaita kwa majina ya utani: mtukutu, mapepe, kichwa maji, mzubaifu, kiherehere. Baadhi yao wana tatizo la kiafya linalojulikana, lenye jina, na muuguzi wa zahanati anaweza kulitambua na kuanza kulihudumia.

Lengo la somo: baada ya kulisoma, kamati iweze kueleza tatizo hili kwa maneno yake yenyewe, ijue muuguzi anaangalia nini katika kila umri, na ijue wajibu wake.

1. KWA NINI TUMECHAGUA SOMO HILI

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita kamati ya usharika mmoja, katika ukanda wetu wa Turiani, ilituletea barua yenye muhuri. Iliomba mvulana wa darasa la 5 aondolewe katika orodha ya watoto wanaosaidiwa mahitaji ya shule. Sababu ziliorodheshwa vizuri: hatulii darasani, amepoteza daftari na sweta mara mbili, anajibu kabla swali halijaisha, alitoka nje mara tatu katika ibada moja, na alipanda mwembe wa shule akaanguka akavunjika mkono. Mwishoni waliandika kwamba fedha za wafadhili zimpate mtoto anayezithamini.

Tuliisoma barua ile ofisini na kuiona ina mantiki. Tukatia sahihi. Nafasi ikajazwa na mtoto mwingine.

Mwaka uliofuata bibi yake, ambaye ndiye mlezi, alimpeleka zahanati akiwa amejikata mguu kwa panga. Muuguzi alipofungua daftari la mtoto aliona lilikuwa jeraha la nne katika miaka miwili. Alipomaliza kufunga kidonda hakuwaruhusu kuondoka. Baadaye alitusimulia mazungumzo yao.

"Shikamoo tena bibi. Naomba nikuulize kidogo kuhusu huyu mjukuu."

"Marahaba mwanangu. Uliza tu, kila mtu ananiuliza. Wanasema nimemdekeza."

"Sisemi hivyo, bibi. Nataka kujua, hali hii ya kutotulia imeanza lini?"

"Imeanza lini? Huyu alianza kukimbia kabla hajajua kutembea! Marehemu mama yake alikuwa anamfunga kwa khanga mgongoni hata akiwa mkubwa, ili apate kupika. Na baba yake naye alikuwa vivi hivi."

"Na wewe ukimtuma dukani?"

"Anakwenda mbio, anarudi mikono mitupu. Ukimuuliza, analia. Si kwamba hataki, mwanangu. Anasahau kweli."

Muuguzi yule alituandikia barua fupi akisema kwamba mtoto huyu ana dalili za tatizo la umakini, kwamba viboko alivyopata havijamsaidia, na kwamba kumwondoa shuleni kutamwongezea madhara. Tulimrudisha kwenye orodha. Lakini alikuwa amekwisha kaa nyumbani mwaka mzima akifukuza ndege mashambani, na alirudi kukaa dawati moja na watoto aliowazidi umri. Mwaka ule hatuwezi kumrudishia. Ndiyo sababu ya somo hili.

2. TATIZO LENYEWE NI NINI

Hospitalini huandikwa kwa herufi nne, ADHD. Kwa Kiswahili tutaliita tatizo la umakini na utukutu uliozidi. Si jambo jipya lililozuliwa na watu wa mijini. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara jijini London akieleza habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kabisa kujitawala na kutulia. Leo tatizo hili limo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani.

Lina sura tatu:

a) Kukosa umakini. Mtu anaanza kazi haimalizi, anapoteza vitu, anasahau alichotumwa, anaonekana hasikilizi hata ukizungumza naye uso kwa uso.

b) Utukutu na papara. Hawezi kukaa, anazungumza mno, anadakia maneno, hawezi kungoja zamu yake, anatenda kabla ya kufikiri.

c) Mchanganyiko wa hizo mbili.

Sura ya kwanza ndiyo inayotuponyoka. Mtoto mwenye papara humwona kila mtu, kwa kuwa anavunja vitu. Lakini yule aliyekaa kimya nyuma ya darasa akitazama dirishani hamsumbui mtu, na mara nyingi ni msichana. Anaitwa mzembe au mzito wa kichwa, anamaliza darasa la 7 bila kuandika barua, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Je, ni wengi? Mwaka 2007 watafiti walikusanya tafiti 102 kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakapata wastani wa watoto 5 hivi katika kila 100. Kwa watu wazima idadi hukadiriwa kuwa 2 hadi 3 katika kila 100. Tukichukua wastani huo, shule yenye wanafunzi 800 inaweza kuwa na watoto 40 wa namna hii, na shule ya Jumapili yenye watoto 60 inaweza kuwa na 3. Hawa si watoto wa mbali.

Chanzo chake ni nini? Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa tatizo hili hurithiwa. Bibi yule alisema kweli aliposema baba alikuwa vivi hivi. Kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo wakati wa kuzaliwa na kuumia kichwa huongeza uwezekano.

Kwa sisi tunaoishi na malaria kuna jambo la kuongeza. Watafiti waliofuatilia watoto waliotibiwa malaria ya kichwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha mwaka 2008 kwamba miaka miwili baada ya ugonjwa, watoto 26 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, na sehemu iliyoathirika zaidi ilikuwa umakini. Miongoni mwa watoto wa jirani ambao hawakuugua walikuwa 8 hivi katika 100. Si kila mmoja wao ana ADHD, lakini muuguzi anayemwona mtoto asiye makini katika bonde letu ni lazima aulize kama aliwahi kupoteza fahamu kwa malaria. Na kila chandarua tunachogawa kinalinda pia uwezo wa mtoto kusoma.

Tuondoe sasa mambo matatu yasiyo kweli.

Kwanza, si laana wala pepo. Mtoto anayeombewa aendelee kuombewa, lakini apelekwe pia zahanati.

Pili, si malezi mabaya. Tuna methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na akina mama wengi wamepigwa nayo usoni. Malezi yanaweza kupunguza au kuongeza matatizo ya mtoto huyu, lakini siyo yaliyoyaleta.

Tatu, si sukari. Sisi tunaoishi jirani na kiwanda cha Mtibwa tumesikia mara nyingi kwamba watoto wanakuwa watukutu kwa kutafuna miwa. Mwaka 1995 ulichapishwa Marekani uchambuzi wa majaribio 23, ambapo baadhi ya watoto walipewa sukari na wengine kitu kitamu kisicho sukari bila kuambiwa kipi ni kipi. Tofauti ya tabia haikuonekana. Miwa inaharibu meno, na hilo linatosha kuipunguza, lakini utukutu tutafute kwingine.

3. MASWALI MATATU YA MUUGUZI

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayothibitisha tatizo hili. Kipimo ni mazungumzo yenye utaratibu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu angalau miezi 6, zionekane mahali pawili au zaidi, na ziwe zinaharibu maisha ya mtu. Muuguzi mwenye foleni ndefu anaweza kuyaweka hayo katika maswali matatu.

Tangu lini? Tatizo hili huanza utotoni. Mtoto aliyekuwa mtulivu hadi Machi, akabadilika Aprili, ana jambo jingine: msiba, kupigwa, kunyanyaswa, ugonjwa, njaa.

Wapi? Kama anashindwa kutulia kwa mwalimu mmoja tu, tatizo linaweza kuwa somo hilo au mwalimu huyo. Kama ni shuleni, nyumbani na kanisani, tunakaribia.

Linamgharimu nini? Watoto wengi ni watundu na ni wazima kabisa. Tunahangaika pale utundu unapomletea majeraha, kufukuzwa, kukosa marafiki, kurudia madarasa.

Kabla ya kutaja ADHD, muuguzi anachunguza yale yanayofanana nayo, na mengi yanapatikana palepale zahanati. Je, masikio yanatoa usaha? Mtoto asiyesikia huonekana mkaidi. Je, anaona ubaoni? Je, viganja vimepauka kwa upungufu wa damu? Ana minyoo, kichocho? Analala saa ngapi, na wangapi kitanda kimoja? Alikula nini kabla ya kwenda shule? Je, hukatika katikati ya neno kwa sekunde chache, macho yametazama mbele, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Hicho kinaweza kuwa kifafa cha kuzubaa, na tiba yake ni nyingine.

Aulize pia umri halisi. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wenzao darasani hubandikwa jina la ADHD mara nyingi zaidi. Mtoto wa miaka 5 aliyeingizwa darasa la kwanza na kaka zake anahitaji mwaka mmoja wa kukua, hahitaji jina la ugonjwa.

Muuguzi peke yake hatoi hukumu ya mwisho. Anashuku, anaandika, anaanza msaada usio na madhara, na anapeleka kwa tabibu au daktari wale walio na shida kubwa.

4. UMRI KWA UMRI

Watu wengi hudhani hili ni jambo la watoto tu. Kwa wengi utukutu wa mwili hupungua wanapokua, lakini kusahau, papara na kushindwa kupanga mambo huweza kubaki maisha yote. Tupite umri kwa umri.

Chini ya miaka 6. Watoto wa umri huu hawatulii kwa asili yao. Muuguzi wa kliniki ya watoto asiharakishe kutoa jina. Kazi yake ni usalama na kumpa mama nguvu: moto wa mafiga uzungushiwe kizuizi, mafuta ya taa na dawa za shamba viwekwe juu, kisima kifunikwe, mtoto asiachwe karibu na mto au barabara ya malori ya miwa. Mama anayesema "huyu amenishinda" asikilizwe, asicheke mtu.

Umri wa shule. Hapa ndipo wengi hutambuliwa, au hupotea. Daftari la zahanati lenye mivunjiko na mishono mingi ni dalili. Ripoti ya shule yenye maneno "ana uwezo ila hajitumi" kwa miaka mitatu mfululizo ni dalili. Muuguzi anayetembelea shule kwa chanjo au dawa za minyoo amwombe mwalimu amtajie wawili asiowaelewa: mmoja mwenye fujo, na mmoja aliye kimya mno.

Kijana. Utukutu wa mwili sasa umeingia ndani. Kijana anasema kichwa chake hakipoi. Papara inageuka kuwa bangi, gongo, mimba ya mapema, ugomvi, bodaboda bila kofia ngumu. Tusidharau hatari hii. Utafiti wa Denmark uliofuatilia karibu watu milioni 2 na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wenye tatizo hili walikuwa na uwezekano wa kufa mapema karibu mara mbili ya wengine, na sababu kubwa ilikuwa ajali. Walimu wa kipaimara nao waangalie: anayeshindwa kukariri Katekisimu lakini anaweza kueleza maana yake kwa mdomo hajashindwa imani. Mpeni sehemu ndogo ndogo, na mumsikilize akiwa amesimama.

Mtu mzima. Huyu haji zahanati kusema hana umakini. Anakuja na mkono uliokatwa, na ngono isiyo salama, na usingizi usiokuja, na huzuni ya kufukuzwa kazi ya nne. Anakosa tarehe za dawa za kifua kikuu au VVU na tunamwandika "mtoro". Mama anayesahau siku za kliniki za mtoto mtukutu anaweza kuwa na tatizo lilelile, kwa kuwa hurithiwa. Muuguzi amuulize kwa upole: na wewe ulipokuwa shule, ulikuwaje? Tumewahi kuona mama mtu mzima akilia kwa swali hilo. Alisema ni mara ya kwanza mtu kumuuliza bila kumkaripia.

Mzee. Mzee anayesahau hufikiriwa kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Swali la kwanza ndilo linalotofautisha. Kama watoto wake wanasema "baba alikuwa hivi tangu ujana wake, kila siku anatafuta ufunguo", huenda ni ADHD iliyozeeka naye. Kama kusahau kumeanza juzi na kunaongezeka, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

5. HUDUMA YENYEWE

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watumishi wasio mabingwa wa afya ya akili, toleo la pili la mwaka 2016, umeweka tatizo hili kati ya yale yanayoweza kushughulikiwa katika ngazi ya msingi. Unaanza na mafunzo kwa mzazi, ushirikiano na mwalimu, na kumtunza mlezi aliyechoka. Yafuatayo hayahitaji dawa.

Kwa mzazi: toa agizo moja kwa wakati mmoja. "Chukua ndoo" kwanza, akishaleta, "nenda bombani." Mshike bega, akutazame, arudie ulichosema. Kila siku iwe na mpangilio uleule wa kula, kuoga, kusoma na kulala. Msifu palepale anapofanya vema, maana sifa ya kesho kwake haina nguvu. Kama kuna adhabu, iwe ndogo, ya papo hapo na ileile kila mara, kwa mfano kukosa mchezo wa jioni ile.

Kwa mwalimu: mkalishe mbele, mbali na mlango na dirisha. Mpe kazi ya mwili yenye heshima, kama kufuta ubao au kukusanya madaftari. Gawa zoezi la maswali 10 kuwa mawili ya 5. Tunajua hali ya madarasa yetu, na hatumlaumu mwalimu mwenye watoto 90 mbele yake. Lakini hata katika darasa hilo dawati la mbele halina gharama.

Kuhusu viboko tuseme wazi. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinaweka mpaka wa viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kila tukio liandikwe kitabuni. Mtoto anayepigwa kwa kusahau atasahau tena kesho, kwa kuwa alichokosa si nia. Atakachojifunza ni kuogopa shule. Wale wanaotumia kitabu cha Mithali kutetea fimbo tunawaomba wakisome chote, maana sura za mwanzo za kitabu hicho ni baba anayekaa na mwanawe na kumweleza.

Kwa mtu mzima: muuguzi amwandikie tarehe kwa herufi kubwa, amwekee kengele katika simu yake, amchague ndugu mmoja wa kumkumbusha, dawa za kila siku zifungwe na jambo lisilosahaulika kama chai ya asubuhi. Ikiwezekana apewe huduma mapema katika foleni, kwa kuwa akingoja saa nne ataondoka.

Na dawa je? Zipo, na inayojulikana zaidi ni methilifenideti. Huwasaidia wengi kutulia na kumaliza kazi. Lakini si dawa ya kununua duka la dawa muhimu. Huanzishwa kwa ushauri wa daktari bingwa, haitolewi na zahanati kwa watoto chini ya miaka 6, na anayeitumia hupimwa uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa kuwa hupunguza hamu ya kula na usingizi. Mtoto akirudi kijijini na dawa hiyo, ni muuguzi wa zahanati atakayefanya vipimo hivyo. Kwa hiyo naye lazima awe na mizani, kipimo cha urefu na mashine ya shinikizo inayofanya kazi.

6. TUMEKWISHA KUONA INAWEZEKANA

Kuna watakaosema mambo haya ni ya nchi zenye mabingwa wengi. Tunawakumbusha Mahenge, ndani ya mkoa wetu huu wa Morogoro. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Wakati ule mwenye kifafa aliogopwa. Watu waliamini kinaambukiza, wagonjwa walitengwa, wengine waliachwa waungue motoni kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwashika. Dawa iliyotumika ilikuwa ya kawaida na ya bei nafuu. Kliniki iliendelea baada ya yeye kuondoka, na mwaka 1992 ilichapishwa taarifa ya ufuatiliaji wa miaka 30 wa wagonjwa 164. Zaidi ya nusu yao kifafa kilikuwa kimetulia kabisa kwa matibabu.

Hata kanisa letu si geni katika kazi hii. Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili. Mirembe, Dodoma, imefanya kazi hiyo tangu mwaka 1927. Kutoka Turiani mtu hushuka hadi Magole, akaingia barabara kuu ya Dodoma. Njia ya kupeleka mgonjwa ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kwanza wa kutambua, na nauli.

Somo la Mahenge ni hili: mabadiliko yalianzia kwa mtumishi wa afya aliyeuliza, akaandika jina la mgonjwa kitabuni, na akamwambia arudi mwezi ujao.

7. WAJIBU WA KAMATI NA WA MFADHILI

Kwa kamati za sharika tunapendekeza:

a) Mtoto yeyote asiondolewe katika orodha ya msaada kwa sababu ya "nidhamu" kabla hajaonwa na muuguzi. Barua ya kamati iambatane na maelezo ya zahanati. Ofisi yetu sasa haipokei barua isiyo nayo.

b) Mwalikeni muuguzi wa zahanati iliyo karibu, ya serikali au ya dhehebu lolote, azungumze na wazazi baada ya ibada. Ndugu zetu Wakatoliki wana Hospitali ya Bwagala hapa hapa Turiani. Magonjwa hayaulizi dhehebu.

c) Anzisheni kikundi cha walezi wa watoto hawa. Wakutane mara mbili kwa mwezi, waeleze lililofaa na lililoshindikana. Bibi wa yule mvulana alituambia kilichomsaidia zaidi ni kujua kwamba hayuko peke yake.

d) Majina ya watoto hawa yasisomwe matangazoni. Siri ya mgonjwa ni siri hata kanisani.

Kwa wafadhili tunasema hivi kwa heshima. Mmezoea kutuuliza idadi, nasi tumezoea kuwapa. Katika kazi hii msituulize ni watoto wangapi wamepewa jina la ADHD, maana idadi hiyo ni rahisi kuikuza na inaweza kudhuru. Tuulizeni ni wangapi waliotajwa na walimu bado wako shuleni baada ya miaka miwili, na ni walezi wangapi wamerudi kwa muuguzi mara ya tatu. Gharama zenyewe ni ndogo na hazipendezi machoni: siku za mafunzo kwa wauguzi, nauli ya kwenda shuleni, karatasi, betri za mashine ya shinikizo, tiketi mbili za basi kwa mtoto na mlezi. Hakuna kibao cha jina la mfadhili kitakachobandikwa hapo. Tunawaomba mchangie hata hivyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Taja moyoni, bila kusema jina, mtoto mmoja katika usharika wako ambaye kila mtu amemchoka. Je, kuna aliyewahi kuuliza tangu lini?

2. Je, kuna mtoto aliye kimya mno ambaye hatujamwona?

3. Ni watu wazima gani tunaowaita wazembe? Tunajua nini kuhusu utoto wao?

4. Kati ya mapendekezo manne hapo juu, lipi linaweza kuanza mwezi huu bila kusubiri fedha? Nani atalisimamia?

5. Je, tumewahi kutia sahihi barua kama ile tuliyotia sisi? Tunaweza kufanya nini sasa kwa mtoto huyo?

Tafadhali andikeni majibu ya swali la 4 na la 5 na kuyaleta pamoja na taarifa ya robo ijayo. Swali la 5 mnaweza kulijibu katika bahasha iliyofungwa. Nasi tutaisoma tukikumbuka kwamba sahihi ya kwanza ilikuwa yetu.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.